Musawo na Barua za Mkanda

Watu wa Bwera walimwita Musawo, kama wanavyomwita kila mtu anayedunga sindano, lakini ukitaja Musawo bila kuongeza neno lingine, ilieleweka ni yeye. Wanajeshi wastaafu walimwita Afande. Yeye naye alimwita kila mtu afande: dereva wa lori, muuza nyanya, mchungaji wa kanisa, mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mtoto mchanga akichomwa chanjo alimwambia, "Lia, afande, lia kabisa," kisha akageuka kuandika kwenye kadi.

Nilifanya kazi kwake miaka tisa, kwanza nikiandikisha wagonjwa mlangoni, baadaye nikiwa muuguzi. Kliniki ilikuwa vyumba vitatu kando ya barabara iendayo mpakani mwa Kongo. Sikuwahi kujua alizaliwa wapi wala ni mtu wa kabila gani. Ukimwuliza kwao, alijibu, "Kambini," na mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa daktari wa jeshi muda mrefu, akastaafu, akabaki na Kiswahili cha jeshi, kile kisicho na tafadhali. Mimi changu nilikipata kwa baba, aliyetoka Kenya kuja kufanya kazi ya saruji, na siku za mwanzo nilikuwa nikimsahihisha moyoni kila alipofungua mdomo. Baadaye niliacha. Nilikuwa nimeanza kuongea kama yeye.

Wengine watamkumbuka kwa malaria na kwa uzazi. Mimi namkumbuka zaidi kwa barua za mkanda.

Sheria inamtaka dereva afunge mkanda, lakini yule ambaye mwili wake haumruhusu anaweza kusamehewa akiwa na barua ya daktari. Trafiki anakusimamisha, unampa barua, anaisoma, anakurudishia, unaendelea na safari. Kwa miaka mingi hakuna aliyeitaka barua hiyo, kwa sababu hakuna aliyeulizwa habari za mkanda. Kisha trafiki wakaanza kukaza kamba katika barabara ya Kasese, na ndani ya mwezi mmoja madereva wote wa Bwera wakawa wagonjwa.

Walikuja asubuhi na mapema, kabla magari hayajajaa. Mmoja alikuwa na kifua, mwingine mgongo, wa tatu alisema tu kwamba mkanda na damu yake havipatani. Musawo aliwasikiliza siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwa fundi wa magari, akanunua kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye gari lililogongwa, pamoja na mkanda wake na kipande cha nguzo ya mlango. Akakifungia kwenye ubao mzito, akakiweka katika chumba cha kupimia, kando ya mizani. Tangu siku hiyo dereva akianza kueleza, Musawo alimkatiza.

"Toa shati. Keti. Funga. Sasa onyesha mahali."

Hayo maneno mawili, onyesha mahali, ndiyo yaliyokuwa dini yake. Hakutaka hadithi. Alitaka kuona mkanda unapita wapi juu ya mwili na kuna nini hapo unapopita. Wengi walipofika kwenye kiti walipona. Wengine waliondoka bila kuvaa viatu vizuri.

Palikuwa na dereva mmoja mfupi sana wa pikapu ya ndizi, ambaye mkanda ulimkata shingoni kweli. Alikuwa na mstari mwekundu pale. Nilidhani huyu atapata barua. Musawo alitoka, akarudi na blanketi kuukuu, akalikunja mara nne, akalisukuma chini ya makalio ya yule mtu. Mkanda ukashuka begani.

"Shingo imepona," alisema. "Kesho nunua mto. Blanketi nirudishie."

Alikuja pia mfanyabiashara mmoja wa mbao, mtu wa tumbo na heshima zake, aliyezoea kuhudumiwa bila kupanga mstari. Alisema mkanda haumfikii. Musawo aliuvuta polepole hadi mwisho, ukamzunguka, ukaingia na kulia tak.

"Umefika, afande. Ila umechoka. Na wewe pia umechoka, panda kwenye mizani."

Yule mtu alikuja kwa ajili ya barua akaondoka na dawa ya presha, na alikunywa dawa hiyo miaka yote niliyokuwa pale.

Lakini hakuwacheka wote. Dereva mmoja kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, aliketi kwenye kiti akaanza kutetemeka kabla hata hajafunga.

"Dogiteri," alisema, "mimi niliona gari inawaka. Mutu eko ndani, mukanda ikamushika. Mimi naogopa ile mukanda kuliko ajali."

Musawo hakumwambia atoe shati. Alimwambia afunge macho, kisha afungue mkanda bila kuutazama. Yule mtu alipapasa, akafungua. "Tena." Akafungua. "Tena. Sasa mukono ya kushoto." Walifanya hivyo labda mara thelathini, wagonjwa wakingoja nje na kulalamika. Mwisho yule mtu alikuwa anafungua kwa mkono wowote kwa muda wa kupepesa jicho. Aliondoka bila barua, na hakuwa ameudhika.

"Huyu hakudanganya," Musawo aliniambia. "Woga wake ni ya kweli. Lakini dawa yake si karatasi."

Na mwalimu mmoja mjamzito, wa miezi saba, aliyekuwa akiendesha gari dogo hadi shule ya mlimani, alikuja akiwa na hakika kwamba mkanda utamuua mtoto. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Musawo akipiga magoti. Alipiga magoti mbele ya kiti, akaushusha mkanda wa chini mpaka ukakaa juu ya nyonga, akaupitisha ule wa juu katikati ya matiti na pembeni ya tumbo.

"Chini ya tumbo, afande. Hapa kwa mfupa. Mfupa hauna mtoto."

Alimwambia atoke, akae tena, afunge mwenyewe. Alipokosea, Musawo alisema "hapana" kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Nisije nikamfanya mtu mpole. Alikuwa na kelele. Aliwafukuza watu kliniki kwa sababu ya kucha chafu. Aliwahi kumrushia mwakilishi wa dawa kalamu. Aliwaambia wagonjwa sindano haiumi, na iliuma, na alijua inauma. Aliwakataza watu sigara huku pakiti yake ikionekana katika mfuko wa koti jeupe. Alikuwa mtu mgumu wa kushukuru. Ukimletea chai alitazama kikombe kama kimekuja chenyewe.

Na uendeshaji wake ulikuwa aibu yetu. Alikuwa na gari la zamani la rangi ya maziwa, akiliendesha taratibu hivi kwamba boda boda waliokuwa na abiria wawili na gunia walimpita. Alipiga honi kwenye kila kona, hata kona anayoiona yote. Alifunga mkanda hata akisogeza gari uani kulitoa juani. Siku moja nilimwambia hapa hakuna trafiki. Akanitazama kama nimemwambia hakuna vijidudu.

Barua alizotoa zilikuwa chache, na kila moja ilimgharimu. Kwanza aliuliza, "Lazima uendeshe?" Mtu akisema anaweza kungoja, alimwambia angoje. Akisema ni lazima, Musawo alishika kalamu, akaiweka, akaenda dirishani, akarudi. Kisha aliandika kwa mkono, kwa mwandiko mzuri usiofanana kabisa na mdomo wake. Tarehe ya mwisho aliiandika kwa tarakimu na kwa maneno ili isichezewe. Hakuzidisha miezi miwili. Mtu aliyevunjika mtulinga alipata wiki tatu. Mtu aliyefunguliwa kifua hospitali kubwa alipata wiki nane, na siku ya mwisho Musawo alimtuma mtu nyumbani kwake kumwita.

Masika alikuwa dereva wa pikapu ya kahawa. Wanawake madereva walikuwa wachache katika barabara ile, kwa hiyo kila mtu alimjua. Alichukua kahawa kwa wakulima wa milimani, akaipeleka Kasese, akarudi jioni na chumvi na sabuni za wenye maduka. Katika sherehe moja ya harusi sufuria ya mafuta yaliyokuwa yanachemka ilipinduka, yakamwagika kwenye bega lake la kulia na kifuani. Alilazwa muda mrefu. Walichukua ngozi pajani, wakampandikizia begani.

Alipokuja kwetu jeraha lilikuwa limefunga, lakini ngozi ile mpya ilikuwa nyembamba, inang'aa. Musawo alimkalisha kwenye kiti akiwa na kanga tu. Mkanda ulipita pale pale, kutoka juu ya bega kushuka kifuani. Musawo hakuandika. Alimpa pamba na kitambaa laini, akamwonyesha namna ya kukizungusha kwenye mkanda, akamwambia ajaribu wiki moja. Wiki ilipokwisha Masika alirudi, akafunua bega. Ngozi ilikuwa imechanika upande mmoja na kutoa maji.

"Lazima uendeshe?"

"Musawo, msimu wa mvua mume wangu hajengi. Ni mimi tu. Na hii gari nikiiacha wiki sita, nitakuta amekaa mwanamume."

Musawo alikwenda dirishani. Alisimama pale muda mrefu mpaka Masika akanitazama mimi kama kwamba ninajua kitu. Kisha akarudi, akaandika wiki sita.

"Polepole," alimwambia. "Usipite gari yoyote. Hata ng'ombe usipite."

Masika alicheka. "Tayari wananiita kobe."

Katika wiki ya tano, asubuhi, karibu na Kikorongo, pale barabara inapopita ndani ya mbuga, nyati alitoka kwenye nyasi. Masika alikuwa mwendo wa kawaida. Mdogo wake, aliyekuwa ameketi kando yake, alisimulia hivyo na hakuna aliyempinga. Masika alikata usukani, gurudumu likashuka kwenye ukingo, pikapu ikabingirika mara mbili. Mdogo wake alikuwa amefunga mkanda, alivunjika mkono. Masika alitoka kupitia kioo cha mbele. Walimkuta hatua nyingi kutoka lilipo gari, na kahawa imemwagika kati yake na gari.

Habari ilifika Bwera kabla ya saa nne. Mimi ndiye niliyempelekea Musawo. Alikuwa akimfunga mtu kidonda cha mguu. Alimaliza kufunga, akakata bandeji, akasema, "Anayefuata."

Mume wa Masika alikuja siku ya nne baada ya maziko. Alikuwa mwashi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na tulijua atakuja. Hakupanga mstari na hakuna aliyemzuia. Alikuwa ameshika barua. Polisi walikuwa wameitoa kwenye kisanduku cha gari wakampa pamoja na vitu vingine. Aliikunjua, akaiweka juu ya meza.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Trafiki walimsimamisha asubuhi ile. Wakaisoma, wakamwambia endelea, mama." Alikaza kidole juu ya barua. "Ungekataa, angefunga."

"Angefunga."

"Angekuwa hai."

"Pengine. Mdogo wake yuko hai."

Nilitamani Musawo asingesema hilo. Yule mtu aliinamisha kichwa, akakiinua.

"Sasa kwa nini uliandika?"

"Ngozi yake ilikuwa bado," Musawo alisema. "Niliona. Ilikuwa inachanika."

"Ngozi."

"Ndiyo. Ngozi."

Hakuna aliyepaza sauti. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei mikononi, na nakumbuka kwamba sikujua niiweke wapi. Mwashi aliikunja tena barua, akaitia mfukoni, akatoka. Musawo aliniambia nimwite mgonjwa mwingine. Nilipogeuka nilimwona anajaribu kuwasha sigara ndani ya chumba cha matibabu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na kiberiti kilikuwa kinamkatalia.

Siku hiyo hiyo alichukua daftari la barua, akalifungia kwenye droo, ufunguo akautia kwenye mnyororo wa saa yake. Dereva wa kwanza aliyekuja alipewa jibu moja: barua hakuna. Wa pili, hakuna. Kiti kilisogezwa ukutani, juu yake tukaweka maboksi ya glavu.

Hali hiyo iliendelea karibu mwaka. Kwa nje hakubadilika, labda kelele ziliongezeka. Lakini alianza kuzunguka. Nyumba ya mwashi ilikuwa kwenye njia ya sokoni, na Musawo, ambaye alikuwa akienda sokoni kwa miguu kila Ijumaa, sasa alipita njia ya nyuma yenye matope. Ukuta wa uani ulipobomoka kwa mvua, alimleta mwashi kutoka Kasese, ilhali yule wa Bwera alikuwa mwendo mfupi kwa miguu. Watu waliona. Wengine walisema ana kiburi. Sikusema lolote, maana mwenyewe nilikuwa nikipita njia ya nyuma.

Kisha akaja Wafula. Huyu nilimjua tangu utoto. Alikuwa jirani wa baba, dereva wa lori la saruji, na mke wake ndiye aliyenifundisha kusuka nywele. Homa ya matumbo ilikuwa imetoboa utumbo wake. Walimpasua wakamwokoa, wakamtoa hospitali akiwa na tundu tumboni na mfuko wa kupokelea choo, mpaka siku ya kurudishiwa utumbo mahali pake. Alitakiwa kurudi kazini. Mkanda wa chini ulikatiza juu ya mfuko ule. Hapakuwa na haja ya kiti. Hata mtoto angeona.

"Barua hakuna," Musawo alisema. "Kaa nyumbani."

"Afande, nikikaa nyumbani miezi mitatu, lori linapata mtu mwingine."

"Kaa nyumbani."

Wafula hakukaa. Trafiki walimsimamisha mara mbili bila mkanda, na baada ya hapo akaufunga. Alifunga siku sita, Kasese hadi mpakani na kurudi. Siku ya saba nilipigiwa simu na mke wake. Utumbo ulikuwa umesukumwa nje ya tundu, umevimba, umebadilika rangi, na walikuwa wamemrudisha chumba cha upasuaji.

Niliingia chumbani kwa Musawo bila kubisha. Nilikuwa nimefanya kazi kwake miaka sita na sikuwahi kumjibu.

"Wafula amepasuliwa tena," nilisema.

Aliendelea kuandika.

"Ulimkataa kwa sababu ya Masika. Si kwa sababu ya tumbo lake. Tumbo lake hukuliangalia hata kidogo. Hukumwambia aonyeshe mahali."

"Toka."

"Natoka. Lakini ulikuwa unajua."

"Toka! Nenda nyumbani. Leo hakuna kazi yako hapa."

Nilikwenda nyumbani nikijua nimeachishwa kazi. Nilikaa nikiwaza nitamwambia nini baba. Asubuhi nilirudi kuchukua sare yangu ya pili na viatu. Maboksi ya glavu yalikuwa sakafuni. Kiti kilikuwa kimerudi kando ya mizani, kimefutwa vumbi. Droo ilikuwa wazi na daftari liko juu ya meza. Musawo alikuwa amevaa shati la kutokea.

"Funga kliniki," alisema. "Tunaenda Kasese."

Aliendesha mwenyewe. Tulichukua nusu ya asubuhi. Tulipofika Kikorongo alipunguza mwendo hata zaidi, ingawa hapakuwa na kitu barabarani, na hakutazama pembeni.

Wafula alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mke wake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Musawo alisimama miguuni pa kitanda, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kama askari aliyeitwa mbele ya mkubwa wake. Wadi nzima ilimtazama.

"Mimi nilikosa," alisema. "Wewe ulikuwa na haki ya barua. Nilikuwa na woga, nikakunyima. Hiyo ndiyo ripoti yangu."

Wafula alimtazama muda. Nadhani dawa zilikuwa bado kichwani.

"Afande," alisema mwishowe, "keti basi. Unawatisha watu."

Mke wa Wafula aliinuka akampa ndoo. Musawo akaketi juu yake, magoti yamefika kidevuni, akakaa pale hadi saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha. Kabla hajaondoka aliliangalia tumbo. Aliliangalia vizuri, polepole, akauliza kila kitu. Wafula hakurudi kwenye lori. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Alipata kazi ya kupokea mizigo, ya kukaa, na alisema ni afadhali. Sijui kama alisema kweli au alikuwa anamsamehe mtu.

Barua zikaanza tena, chache kama zamani. Sigara zilizidi.

Mwashi alikuja kliniki mara nyingine moja tu wakati wangu, mwaka wa pili baada ya maziko. Alikuwa amembeba binti yake mgongoni, ana homa kali na amelegea. Kutoka nyumbani kwake hadi kwetu palikuwa na kliniki nyingine mbili, na zote alikuwa amezipita. Musawo alimpokea mtoto, akamlaza, akamtundikia maji mwenyewe, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa yangu. Alikaa kando yake tangu asubuhi mpaka alasiri, mtoto alipofungua macho akaomba uji. Wanaume wale wawili hawakuzungumza ila habari za dawa, ngapi na saa ngapi. Mwashi alipokuwa anaondoka, alisimama mlangoni, akautazama ukuta wa uani uliojengwa na yule mtu wa Kasese.

"Huu ukuta umepinda," alisema.

"Najua," Musawo alisema.

Juma lililofuata mwashi alikuja na vifaa vyake, akaubomoa, akaujenga upya.

Mimi nilipata nafasi ya masomo, nikaondoka Bwera. Siku ya kuaga, Musawo alinipa kipimo chake cha presha cha akiba na akanionya kuhusu kucha. Sasa nafanya kazi katika kituo cha afya huku Kasese, upande wa Nyamwamba, na madereva wanaotaka msamaha wa mkanda huletwa kwangu. Mimi napima na kuandika ninachokiona. Mkubwa wangu hutia sahihi. Sikuiomba kazi hiyo. Mtu alisema tu kwamba nimetoka kwa yule Musawo wa Bwera, nikapewa.

Mwaka huu alikuja mwanamke mmoja, mwalimu, aliyeondolewa titi la kulia. Alikuwa anajiendesha kutoka upande wa Kilembe. Kidonda kilikuwa kimefunga, kisha matibabu ya mionzi yakaichoma ngozi. Alikuwa amejaribu pamba, kitambaa, mto mdogo, vyote. Nilikiona kidonda na nikaona mkanda unapopita. Nikamwambia arudi Ijumaa. Ijumaa nikamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu alinitazama kwa utulivu akasema, "Dada, kama hutaki, niambie." Nikamwambia Jumatano.

Jumanne nilikwenda Kahendero.

Musawo alikuwa amefunga kliniki mikono ilipoanza kutetemeka, akahamia pale kando ya Ziwa George, katika nyumba ya kupanga nyuma ya mahali wanawake wanapoanika samaki. Watu walishangaa, kwa sababu hakuwa mlaji wa samaki na harufu yake aliichukia. Nilimkuta amekaa nje kwenye stuli, amepungua, kichwa kimenyolewa kama siku zote. Hakuvuta tena sigara; nilimsikia kifua kikikoroma kabla hajanisalimia.

"Afande," alisema. "Umenona."

Nilimwuliza kwa nini Kahendero.

"Hapa magari yanakuja mawili kwa siku," alisema. "Yote naona yakirudi."

Nilimweleza habari za mwalimu. Aliuliza maswali mafupi: ngozi ikoje, ameendesha miaka mingapi, barabara yake ni ipi, anaweza kungoja au hawezi. Nilijibu yote. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jibu, na nikaona kwamba jambo lenyewe lilikuwa jepesi, hata mwanafunzi angeliamua. Alipomaliza kuuliza aliniangalia.

"Sasa umekuja kufanya nini huku?"

"Kila nikishika kalamu namwona Masika."

Mwanamke mmoja alipita na beseni la samaki, akamsalimu, naye Musawo akaitikia kwa mkono. Mkono ulitetemeka njiani kwenda juu na njiani kurudi. Nilidhani hatajibu, au atanifukuza kama siku ile.

"Masika ni wangu," alisema. "Usimchukue. Wewe utapata wako."

Hakusema kwa ukali wala kwa huruma. Kisha aliinuka kwa kushikilia ukuta, akaenda kumwuliza dereva wa gari lililokuwa linapakia kama kuna nafasi, akasimama pale mpaka nikapanda, akamwambia dereva asikimbie.

Jumatano niliandika barua, wiki tano. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote pale pale, akaitia kwenye mkoba. Wiki tano zile niliendelea na kazi. Nilisikia kila gari lililopiga breki barabarani.

Alirudi siku ya mwisho niliyoiandika kwenye barua, asubuhi, kabla ya masomo. Tulitoka nje hadi kwenye gari lake, akaingia, akafunga mkanda, akageuza mwili huku na huku. Ngozi ilikuwa imekomaa. Alisema hasikii maumivu. Nilichukua barua, nikaipiga mstari wa kuifuta.

Alipoondoka nilimpigia Musawo simu, nikamwambia mwalimu amerudi, amefunga, ni mzima.

"Sawa," alisema, akakata.